Siku Ubao Haukugeuzwa

Mawingu yalipasuka adhuhuri, mwanya mdogo tu juu ya mlima Vuria, na Mwalimu Mkawasi akaiacha sufuria ya kimanga, muhogo uliopondwa na maharagwe, jikoni bila hata kuifunika.

"Righa! Jua!"

"Nimeliona, Mwalimu! Usikimbie, mawe yameloa!"

Righa alikwisha kuivua darubini turubai lake. Alikuwa fundi wa mnara wa zahanati, mtu wa makamo mwenye ulimi mkali, na kabla ya kugusa kitu kingine chochote alikuwa ametandaza gunia juu ya mawe yenye utelezi, pale hasa mwalimu alipozoea kupitisha mguu wake mbovu. Hakulitaja gunia lile. Mkawasi alilikanyaga, naye hakulitaja, lakini aliliona.

Darubini yenyewe ilikuwa fupi, haizidi mkono wa mtu mzima. Hakuna aliyechungulia ndani yake, maana jua halichunguliwi. Waliuacha mwanga upite na kuangukia ubao mweupe uliofungwa kwenye miguu ya darubini, na hapo jua likajichora lenyewe, duara la upana wa kisahani, likitetemeka kidogo kama uso wa maji. Juu ya ubao waliweka karatasi. Kazi ya Mkawasi ilikuwa kupita na penseli kila palipo na doa.

"Bwana wee," Righa alisema polepole.

Ukingoni mwa duara palikuwa na kundi la madoa ambalo hawakuwa wamewahi kuona mfano wake. Yalikuwa meusi, mengi, yamesongamana kama mashapo ya kahawa yaliyogandia pembeni mwa kikombe.

"Upande gani?" Mkawasi aliuliza.

Righa aliinama kusoma herufi iliyopakwa rangi kwenye ukingo wa ubao. "G. Magharibi." Akanyooka, akacheka kwa sauti. "Yanaaga, Mwalimu! Yanakwenda zao!"

Madoa ya jua huingia kwa upande wa mashariki, huvuka uso wa jua siku baada ya siku, kisha hupotelea magharibi. Yaliyo mashariki ni mzigo unaokuja. Yaliyo magharibi ni mzigo uliokwisha kupita. Mkawasi alichora haraka, na hata hakuwa amemaliza wakati mawingu yalipojifunga tena na duara likafutika ubaoni.

"Watangazie," alisema, akijifuta jasho kwa kitambaa cha kichwani. "Waambie salama."

Righa alikwenda zahanati na kulisema neno hilo kwenye redio ya upepo. Salama. Vilima vyote vya jirani vililipokea kwa furaha, kwa sababu wiki nzima mvua za vuli zilikuwa zimewafunika, na hakuna mwingine aliyekuwa ameliona jua hata kwa nukta moja.

Zamani kazi hii ilifanywa na vyombo vilivyoelea angani, lakini dhoruba za kwanza za jua ziliviunguza vyote. Baada ya hapo dunia ilirudi kwa watu wenye darubini ndogo uani mwao. Na mtu wa Taita aliyeuliza kwa nini madoa yawakoseshe usingizi wazee kwa vijana, alionyeshwa mnara wa zahanati, kisha akaonyeshwa nyuma ya sikio la bibi au babu yake. Pale, chini ya ngozi, palikaa punje.

Punje ilikuwa ndogo kuliko choroko. Ilimrudishia mzee aliyepotewa na akili kumbukumbu zake zote, majina ya watoto, njia ya kwenda kanisani, ladha ya chakula anachokipenda. Ilikula nguvu kutoka kwenye mnara. Dhoruba ya jua ikipiga, mnara hupokea nguvu isiyo yake na kuisukuma moja kwa moja ndani ya punje. Kule Kisombe, mji uliochelewa kuambiwa, wazee walianguka pale pale walipokuwa wameketi, wengine na vijiko mkononi.

Dawa ilikuwa kuzilaza punje mapema. Swichi moja katika kila zahanati, na punje zote za mnara wake hulala pamoja. Mnara haukujua kumlaza mmoja na kumwacha mwingine. Ila punje ikilala, kumbukumbu huanza kufumuka kama sweta, na ikiamshwa si nyuzi zote zinazorudi. Ikilala kwa muda mrefu, kuna wasiorudi kabisa.

Mama yake Righa, Bi Mghoi, hakurudi. Mwezi wa Machi kundi kubwa la madoa lilikuja, Mkawasi akasema hatari, wazee wote wakalazwa, na dhoruba haikutokea. Jua lilipita juu ya vilima kimya kimya kama mtu asiye na hatia. Punje zilipoamshwa, Bi Mghoi, aliyewafundisha wote wawili kutumia darubini, alibaki anakunja leso na kuikunjua, akitabasamu kwa kila aliyepita.

Righa hakuwahi kumlaumu mwalimu. Kila adhuhuri alikuja kama kawaida. Hilo nalo Mkawasi aliliona, na kuna siku lilimwuma kuliko lawama.

*

Mume wa Mkawasi, ambaye kijiji kizima kilimwita Baba Wakesho, alikuwa amekwisha kujipakulia kimanga mwalimu aliporudi jikoni. Alikuwa amempakulia na yeye, akaifunika sahani kwa nyingine ili isipoe.

"Umeacha sufuria wazi," alisema. "Nzi wamekula kabla ya wenye nyumba."

"Nzi nao ni wageni."

"Basi wangebisha hodi." Alicheka peke yake. Alikuwa na punje mwaka wa tatu sasa, na tangu aipate alikuwa amerudi kuwa mbishi, mwimba besi wa kwaya, mtu wa kukosoa chumvi. "Haya, habari za bwana mkubwa?"

"Yuko na madoa mabaya. Lakini yanaondoka."

"Ashukuriwe Mungu." Alikula vijiko viwili. "Huyo bwana mkubwa wako leo amenipiga usoni vibaya. Nilikaa barazani kwangu kama siku zote, lilipotoka tu, likanimwagikia lote. Ikabidi nihamishe kiti nyuma ya nyumba. Kivuli cha mchana kimehamia huko."

"Ndiyo, ni Oktoba. Limevuka utosi, limeingia kusini. Hata sisi juzi tumeigeuza darubini ikatazama bondeni..."

Kijiko cha Mkawasi hakikufika mdomoni.

Kwa muda mrefu wa mwaka jua la adhuhuri huwakalia watu wa Taita upande wa kaskazini, kisha huvuka juu ya vichwa vyao na kukaa kusini kwa miezi kadhaa. Anayelitazama lazima ageuke. Na anapogeuka, mashariki iliyokuwa mkono wake wa kulia huwa mkono wa kushoto. Kwa hiyo kila jua lilipovuka, miguu ya darubini iligeuzwa, na kisha ubao nao ulifunguliwa skrubu zake nne na kugeuzwa, ili herufi ya mashariki irudi mashariki.

Kuigeuza miguu ilikuwa kazi ya Righa. Kuugeuza ubao ilikuwa kazi ya Bi Mghoi. Aliifanya kila mara huku akiimba, hakutaka mtu amsaidie, na hakuna aliyewahi kuiwazia kazi ile kwa sababu ilikuwa yake.

"Mama Wakesho? Umepaliwa?"

"Baba Wakesho," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Ubao haukugeuzwa."

Mzee alimtazama. Alikuwa ameishi na mwalimu wa jiografia kwa miaka mingi, na punje yake ilifanya kazi vizuri. Alikiweka kijiko chini taratibu.

"Basi hayaondoki," alisema.

"Yanakuja."

*

Nje ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye migomba. Mkawasi aliiangalia mikono ya mumewe juu ya meza, na wazo likamjia, wala hakulikaribisha. Hakuna ajuaye isipokuwa sisi wawili. Neno lililotangazwa ni salama. Madoa kuja si dhoruba. Mwezi wa Machi yalikuja pia. Anaweza kunyamaza, na kesho mtu huyu ataamka amjue.

"Naona unachofikiri," mzee alisema.

"Hukioni."

"Tangu tuoane nakiona. Niambie kitu kimoja. Haya ni makubwa kuliko yale ya Machi?"

"Ni makubwa mara nyingi. Sijawahi kuyaona kama haya. Lakini sijui, Baba Wakesho. Hakuna ajuaye. Naweza kuwalaza wazee wote wa vilima hivi, yakapita kama yale, na wengine wasirudi. Naweza kuwalaza bure mara ya pili."

"Au ukawaacha macho, ikawa Kisombe."

"Au ikawa Kisombe."

Mzee alijifuta midomo. "Mwezi wa Machi mlitulaza bila kutuambia. Nilikuwa nakunywa chai, nikashtukia siku nane hazipo. Leo umeniambia. Ahsante." Alisema ahsante kana kwamba amepewa kitu mkononi. "Sasa sikiliza. Kama utabonyeza, bonyeza kwa ajili ya hayo madoa. Kama hubonyezi, iwe kwa ajili ya hayo madoa. Mimi nitoe humo. Usinifanye jiwe la mizani."

"Nitakutoaje? Wewe ndiye mume wangu."

"Na kila mzee kule ana mtu wake."

Mkawasi alianza kulia bila sauti. Mzee alimsogezea sahani yake.

"Kula kwanza. Kilima ni kirefu na una mguu mmoja tu wa kutegemea."

"Unaogopa?"

"Kama mtoto anayengoja sindano." Alifikiri kidogo. "Kule tunakolazwa si giza, ujue. Ni kama kusimama sokoni siku isiyo ya soko. Meza zipo, watu hawapo, na huna hakika ulitumwa nini." Kisha akainuka, akatafuta wembe wake na kioo. "Ngoja ninyoe ndevu. Sitaki kulazwa kama jambazi."

*

Righa alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni mwa chumba cha mitambo, bisibisi mkononi. Mamake alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki karibu na dirisha, akikunja leso.

"Mimi ndiye niliyeigeuza ile miguu," alisema hatimaye.

"Tulikuwa wote wawili."

"Niligeuza, nikaondoka nikipiga mluzi. Sikuutazama hata ubao."

"Wala mimi, na mimi ndiye mwenye penseli. Righa, mwanangu, kosa tutaligawana baadaye. Sasa hivi vilima vyote vinaamini neno letu."

Righa alimgeuzia uso, na macho yake yalikuwa mekundu. "Kwa hiyo tulaze tena? Kwa sababu yanakuja? Mwezi wa Machi yalikuja, Mwalimu! Yalikuja, tukalaza, nikakaa hapa hapa kwenye mlango huu nikingoja dhoruba. Na kilichokuja ni nini? Mtazame mama! Ndicho kilichokuja!"

Bi Mghoi alisikia sauti imepanda. Alimtazama mwanawe, akamwona analia, na bila kujua ni nani akamnyooshea ile leso.

Righa aliipokea. Alijifuta nayo, akaikunja vizuri kama mama anavyoikunja, akamrudishia kwa mikono miwili.

"Siwezi kukuambia kwamba safari hii itapiga," Mkawasi alisema. "Nikisema hivyo nitakuwa nakudanganya. Nakuambia nilichokiona tu. Na nakuambia kwamba mume wangu yuko nyumbani ananyoa ndevu."

Righa aliiwasha redio, akamwachia mwalimu kiti ili atangaze hatari.

Aliyejibu kwanza alikuwa Mzee Mwakio wa kilima cha Sagalla, mtazamaji mwenzao wa miaka mingi. "Mwalimu, wewe! Mchana umetuambia tujinyooshe, jioni unatuambia tukimbie. Tushike lipi?"

"Shikeni hili la pili, Mzee Mwakio. La kwanza lilikuwa kosa."

"Kosa gani? Macho?"

"Ubao haukugeuzwa."

Redio ilikoroma peke yake. Wote waliotazama jua kwenye vilima vile walimjua aliyekuwa akiugeuza ule ubao.

"Ah," Mwakio alisema, na mzaha ulikuwa umemtoka. "Nimeelewa. Mke wangu ana punje, Mwalimu."

"Najua. Pole."

"Hata mumeo."

"Hata wangu. Mwambie kwanza, Mzee Mwakio. Mwambieni kila mmoja kabla hamjamlaza. Wakitaka kunyoa, wanyoe."

Swichi ilikuwa nyekundu na ngumu. Wazee wa kilima chao walipokwisha kuambiwa, Righa aliweka mkono wake, Mkawasi akaweka wake juu, wakaishusha pamoja. Taa ya mnara ilizimika. Hapakuwa na sauti yoyote.

*

Zikafuata siku za ukungu. Ilikuwa vigumu kwa watu kuiogopa dhoruba ya jua hali jua lenyewe hawalioni. Walichokiona ni baba zao wakiulizia wake waliokufa zamani, na mama zao wakifungasha nguo ili warudi kwao, katika nyumba zilizokwisha kubomolewa.

Mara moja tu mwanya ulipatikana. Righa alikuwa ameufungua ubao na kuugeuza kwa mikono yake, na hakuimba. Duara lilipotokea, kundi lile lilikuwa limefika katikati, limetanuka, limeota vipande vingine pembeni. Lilikuwa linawatazama usoni. Mkawasi alilichora, na walipomaliza waligundua kwamba wote wawili walikuwa wamerudi nyuma hatua moja kutoka kwenye ubao, kama watu waliokutana na nyoka.

Bado dhoruba haikuja. Siku iliyofuata, alasiri, watu walifika zahanati. Aliyewaongoza ni Mcharo, mwenye duka la vyuma, mtu mkubwa mwenye sauti kubwa.

"Mwalimu, amsha wazee wetu! Machi uliwalaza bure. Sasa bure tena! Baba amenifukuza nyumbani, ananiita kibaka!"

"Bado, Mcharo. Madoa yametukabili."

"Madoa, madoa! Nani ameyaona hayo madoa zaidi yako?"

"Mimi," Righa alisema. Alitoka na kusimama mlangoni, mbele ya mwalimu.

"Wewe? Wewe Righa? Mama yako aliliwa na madoa haya haya, na bado unamlinda huyu?"

"Mama ni wangu, si hoja yako," Righa alisema. "Anayetaka swichi apitie kwangu. Na nina bisibisi."

Kuna aliyecheka, na kicheko hicho kilikaribia kuwatuliza. Mcharo akapanda kizingiti. Wakati huo huo waya wa uzio wa zahanati ulianza kuimba.

Ilikuwa sauti nyembamba mwanzoni, kama nyuki wa mbali. Watu waligeuka wakitafuta inakotoka. Kisha ikapanda. Simu ya mezani ndani ya zahanati ililia, ikakata, ikalia tena, na hakuna aliyekuwa amepiga. Taa ya mnara, iliyokuwa imezimwa na kuchomolewa, iliwaka nyekundu, ikawa njano, ikawa nyeupe hata watu wakafunika macho. Harufu ya mpira unaoungua ikashuka uani. Juu kabisa kitu kikapasuka, na vipande vikanyesha kwenye bati.

Katika kelele zote zile mtu mmoja alitembea. Mcharo alikuwa amemwona Bi Mghoi kwenye kiti chake cha plastiki, jirani na uzio. Alimbeba pamoja na kiti kama mtu anayebeba mtoto aliyelala, akamweka katikati ya uwanja, kisha akachuchumaa mbele yake, mgongo kuelekea kwenye waya, mpaka uimbaji ulipokoma.

Ukimya ulirudi. Hakuna mzee aliyekuwa ameanguka. Pale uani wazee waliokuwa wameletwa waliguswa nyuma ya masikio, mmoja baada ya mwingine, na mikono ya watoto wao. Hakuna aliyeungua.

Mcharo alimwendea Mkawasi. Alimshika mkono tu.

Righa alikuwa anautazama mnara. "Mwalimu," alisema kwa sauti ya chini. "Kichwa chote kimeungua."

"Utakitengeneza?"

"Kwa zana zipi? Na vipuri gani? Minara ya kila mahali itakuwa hivi hivi leo. Wako hai. Lakini sijui lini nitaweza kuwaamsha. Sitaki kukudanganya na mimi."

Mkawasi aliitikia kwa kichwa. Alimfunga vizuri kola ya shati, kwa sababu ukungu ulikuwa unashuka na mtu yule hakuwahi kujali kifua chake, kisha akashika njia ya nyumbani.

Mlango ulikuwa wazi. Baba Wakesho alikuwa ameketi nyuma ya nyumba, ndevu zimeanza kuota tena. Alipomwona mwanamke mzee anachechemea uani kwake, aliinuka haraka, akakipangusa kiti alichokuwa amekalia kwa kiganja cha mkono.

"Karibu, mama, karibu. Pole na mlima. Mke wangu hayupo, ameenda kutazama jua." Alimshika kiwiko kwa uangalifu na kumketisha. "Hakawii kurudi. Kaa hapa tumngoje."

Mkawasi akakaa. Mzee alileta kigoda kutoka jikoni, akakaa kando yake, wakautazama ukungu unavyoifunika njia.